Antene ya Simu na Tumbo la Mtoto

Mazungumzo na wazazi wa Bugendana. Tunayachapisha pia kwa ajili ya ndugu zetu walioko Muyinga.



Leo tuzungumze juu ya neno linalozunguka kwenye foleni ya maji. Watu wanasema watoto wanaharisha kwa sababu ya mawimbi ya antene ya simu. Wengine wanasema ni simu yenyewe, kwamba mtoto akilala karibu nayo tumbo linavurugika. Neno hili si la kuchekwa. Mzazi ambaye mtoto wake anaharisha siku ya tatu hutafuta sababu. Antene inaonekana kwa macho, kijidudu hakionekani. Lakini neno hili likiachwa linaweza kuua, maana anayengoja antene izimwe hampeleki mtoto kituo cha afya, wala hamnyweshi.

Mawimbi ya simu ni nini?

Ni ndugu wa mawimbi ya redio, yale yanayotuletea habari tangu wakati wa babu zetu. Hayafanani na miale ya mashine ya kupiga picha ya mifupa hospitalini, ambayo ina uwezo wa kuharibu chembe za mwili. Kinachojulikana ni kwamba mawimbi ya simu yakiwa makali sana hupasha mwili joto. Ndiyo maana fundi hasimami mbele ya antene inayofanya kazi, na ndiyo maana watoto wasiruke uzio wala kupanda mnara. Lakini ukisogea mbali nguvu hupungua upesi. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu inabaki robo.

Mtu atauliza: je, wakubwa wa afya hawakusema simu ni hatari? Mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliandika kwamba mawimbi haya huenda yakaleta saratani. Walisema "huenda" kwa sababu ushahidi ulikuwa mdogo, na walikuwa wanazungumzia uvimbe wa kichwani kwa watu wanaotumia simu sana. Mwaka 2024 uchunguzi mkubwa ulioombwa na shirika hilohilo ulikusanya tafiti za miaka mingi, na haukuona uhusiano kati ya simu na saratani ya ubongo. Na kuhusu kuhara, hakuna ushahidi kwamba mawimbi yanakuleta.

Kuhara kulikuwako kabla ya simu

Wale wanaotoka Kivu wanakumbuka, au wamesimuliwa na wazazi wao, yaliyotokea Goma mwezi wa Julai 1994. Wakimbizi wa Rwanda wapatao laki kadhaa waliingia kwa siku chache. Inakadiriwa kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Siku zile mkimbizi hakuwa na simu mfukoni. Walichokuwa nacho ni maji machafu, na ardhi ya mawe ya volkano isiyochimbika vyoo.

Mwaka 2020 huko Uingereza watu walichoma minara ya simu wakisema inaleta korona. Minara iliungua, korona ikaendelea. Na sisi tukiikata antene, kuhara kutabaki, na usiku mama akizidiwa hatutakuwa na njia ya kuita msaada.

Lakini simu inaweza kumdhuru mtoto

Inamdhuru kwa njia nyingine. Ya kwanza ni uchafu. Baba anaingia chooni na simu mkononi. Anatoka, ananawa, kisha anaishika simu ileile ambayo haikunawa. Mtoto akilia anapewa achezee, naye anaitia mdomoni. Hapo kuhara kumepata njia. Usiingie na simu chooni. Ifute kwa kitambaa kisafi, na usimpe mtoto mchanga aitafune.

Ya pili ni betri ndogo za duara, zile zinazofanana na kifungo cha shati, zinazokaa katika saa, vitochi na vitu vya kuchezea. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Usingoje itoke yenyewe, wala usimtapishe. Kimbia naye kituo cha afya saa hiyohiyo, hata kama anacheza vizuri.

Mtoto akiharisha, fanya hivi

Wengi husema mtoto anayeharisha asinywe, kwa sababu kila anachokunywa kinatoka. Hilo ni kosa kubwa. Anayekufa kwa kuhara mara nyingi hufa kwa kukaukiwa maji. Jambo hili lilionekana wazi katika kambi ya wakimbizi kama sisi. Mwaka 1971, huko Bangaon nchini India, wakimbizi kutoka nchi inayoitwa leo Bangladesh walikuwa wanakufa kwa kipindupindu, na serumu za mshipani zilikuwa zinakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis alichanganya maji, chumvi na sukari ya glukosi, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Kabla ya hapo katika kila wagonjwa 100 walikuwa wanakufa kama 30. Kwa wale walionyweshwa dawa hii hawakufika 4. Waliookoa watu wale ni mama, baba na dada wa wagonjwa, wakiwa na kikombe mkononi.

Dawa hiyo ndiyo SRO, na inapatikana katika kituo cha afya. Ukiikosa, itengeneze hivi:

- Lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa.
- Vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa.
- Nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, nayo isawazishwe. Usizidishe chumvi, inaweza kumdhuru mtoto.

Kila baada ya kuharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 anywe robo hadi nusu ya kikombe. Aliyezidi hapo anywe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Mtoto wa ziwa aendelee kunyonya, na mkubwa aendelee kula. Maji ya SRO yakipita saa 24, yamwage utengeneze mengine. Muulize mganga vidonge vya zinki, ambavyo mtoto humeza siku 10 hadi 14, hata kuhara kukiwa kumekoma.

Usingoje nyumbani ukiona damu katika choo, choo kama maji ya mchele, macho yaliyoingia ndani, mtoto aliyelegea au asiyeweza kunywa, au anayetapika kila kitu. Mpeleke, na umnyweshe njiani.

Neno la mwisho

Ndugu wazazi, mna haki ya kuuliza juu ya antene. Aliyeisimamisha aje awaeleze. Lakini sauti tunayopaza juu ya antene tuipaze zaidi juu ya bomba. Mashirika ya msaada yenyewe yana kanuni walizoandika: kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, bomba moja lisizidi watu 250, choo kimoja kisizidi watu 20. Basi kila kartie ihesabu: tuko wangapi, mabomba yetu mangapi, vyoo vizima ni vingapi, bidoni ngapi kwa kila nyumba. Andikeni hesabu hiyo kwenye karatasi mje nayo mkutanoni. Anayelalamika bila hesabu hujibiwa kwa maneno matupu. Mwenye hesabu mkononi ni vigumu kumrudisha hivihivi.

Na leo jioni, kabla ya chakula, mikono na sabuni. Kama sabuni imekwisha, majivu.