Idadi ya Watu Inaamuliwa Shuleni

Msikilizaji, sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika nchi yetu. Miaka kumi kabla ya hapo, katika sensa ya 2012, tulikuwa hatujafika milioni 45. Yaani kwa kila mwaka wa muongo ule, Tanzania iliongeza watu wapatao milioni 1.7. Kasi hiyo ni asilimia 3.2 kwa mwaka, na ikibaki ilivyo, kabla ya kufika katikati ya miaka ya 2040 tutakuwa maradufu.

Takwimu hizi zikitajwa, mjadala hugawanyika papo hapo. Wapo wanaosema Watanzania wanazaa mno. Wapo wanaojibu kwamba watu ni nguvu na ardhi bado ipo. Wote wanahesabu vichwa na kusahau umri. Kati ya kila watu kumi nchini, zaidi ya wanne hawajatimiza miaka 15. Hawa wanahitaji chanjo, madawati, walimu na, muda si mrefu, kazi. Mtoto aliyezaliwa siku zile makarani wa sensa wakipita nyumba kwa nyumba na vishikwambi vyao ataingia darasa la kwanza mwaka 2029. Katikati ya miaka ya 2030 atakuwa kidato cha kwanza. Hesabu hiyo inafahamika leo, kata kwa kata.

Hata hivyo, kwa miaka mingi tumeshuhudia jambo lile lile. Matokeo ya darasa la saba yanatoka, ndipo wakuu wa wilaya wanazunguka kuhimiza mafundi wamalize madarasa kabla ya Januari. Watoto hao wamekuwa kwenye daftari za kliniki tangu walipokuwa wakibebwa mgongoni. Kuondolewa kwa ada ya sekondari hadi kidato cha nne tangu 2016 kulikuwa uamuzi mwema. Lakini mlango ukifunguliwa, sharti ndani kuwe na mahali pa kukaa na mtu wa kufundisha.

Sasa tuje kwenye uzazi wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanamke wa Tanzania alizaa kwa wastani watoto zaidi ya 6. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2022 ulionyesha wastani wa 4.8. Hakuna aliyelazimishwa. Mwaka 1999, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Mzazi aliyezoea kuzika hazai watoto wawili akatulia. Akiona watoto wake wanakua, naye anaanza kupanga. Kila chanjo inayofika zahanati ya kijijini, na kila mkunga anayepangiwa kituo na akakaa, ni sehemu ya sera ya idadi ya watu, hata kama bajeti inaviandika kwenye fungu jingine.

Lakini hakuna mahali ambapo uhusiano huu na uzazi unaonekana wazi zaidi kuliko shuleni. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015 na 2016 ulikuta kwamba wanawake ambao hawakusoma kabisa walikuwa na wastani wa watoto 6.9, na waliofika sekondari au zaidi walikuwa na 3.6. Tofauti ni zaidi ya watoto watatu kwa kila mwanamke. Binti aliyebaki shuleni anachelewa kuolewa. Akiolewa, ana sauti nyumbani. Akienda kliniki anauliza kuhusu vidonge, sindano au kijiti, na anaelewa anachojibiwa. Na watoto atakaowazaa, wengi kwa wachache, atataka wasome kumpita yeye.

Ndiyo maana napata uchungu nikiitazama Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akisubiri hadi 18. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba na ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu. Mwaka ule mmoja ukapita, ukapita na mwingine, na mwingine. Umri wa miaka 15 ni umri wa kidato cha pili au cha tatu. Tunajenga madarasa kwa fedha za walipakodi, kisha tunaacha mwanya wa kumtoa binti humo kabla hajamaliza.

Mwaka 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi masomoni, na hiyo ni hatua ya kupongezwa. Ikamilishwe basi. Bunge liweke miaka 18 kwa wote bila kisingizio. Halmashauri zijenge mabweni kule ambako binti hutembea kilomita nyingi alfajiri na jioni, maana njiani humo ndimo wengi wanamopotelea.

Nawe msikilizaji, una nafasi yako. Mkutano wa kijiji au wa mtaa ukiitishwa, mwulize diwani wako maswali matatu. Kata yetu ina watoto wangapi walio chini ya miaka mitano? Watasoma wapi? Na wasichana wangapi walioanza kidato cha kwanza hapa walifika cha nne? Kiongozi asiye na majibu hayo hawezi kudai kwamba anapanga maendeleo yenu. Mpeni muda ayatafute, na mkutano ujao mmwulize tena.