Kijiji Chako Kiko Kwenye Ramani Gani?

Chukua ramani ya Ziwa Tanganyika iliyochapwa wakati wa Wabelgiji. Tafuta Kalemie, pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Hutaiona: imeandikwa Albertville, jina la mfalme wao, na ikabaki hivyo mpaka 1966. Bujumbura iliandikwa Usumbura mpaka 1962.

Hiyo ni miji mikubwa, angalau iliandikwa. Je, kijiji chako? Mtoto aliyezaliwa hapa kambini hajawahi kukiona, na kwenye atlasi ya shule hakimo.

Basi bibi na babu, shikamooni. Kaeni na wajukuu, na daftari. Ninyi mtaje, wao wachore: mto, njia ya sokoni, mashamba, kilima na jina lake, hata lile ambalo siku hizi halitumiki. Wiki ijayo tuleteeni michoro. Majina tutayasoma hapa redioni.