Mungu Yupo kwa Asilimia Ngapi?



Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi baada ya Asr kwenye darsa yetu. Waliokosa waliniomba niyaandike, basi nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Naanza na kisa. Wiki chache nyuma, kwenye darsa hiyo hiyo, kijana mmoja wa chuo aliinua mkono akauliza: "Kwa hesabu za uwezekano, Mungu yupo kwa asilimia ngapi?" Hakuuliza kwa kejeli. Yeye anasomea uhasibu, nambari ndiyo lugha yake. Kabla hajamaliza, mmoja akasema astaghfirullah kwa sauti, mwengine akacheka, kisha akaambiwa aketi, hilo ni swali la shetani. Akaketi. Baada ya dua akavaa viatu akaenda zake, na darsa iliyofuata hatukumuona.

Mimi nilikuwepo na sikusema kitu. Hilo limenikaa moyoni, ndilo lililonifanya nisome. Leo namjibu, japo nimechelewa.

Tuanze na hesabu zenyewe. Mwaka 1654, huko Ufaransa, Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua juu ya swali la wacheza kamari: mchezo ukikatizwa katikati, pesa zilizowekwa zigawanywe vipi kwa haki? Katika barua hizo elimu ya uwezekano ilianza kushika umbo. Baadaye Pascal huyo huyo akaipeleka kwenye imani. Kwa ufupi, alisema akili peke yake haiwezi kukata shauri kama Mungu yupo, lakini ni lazima uchague utaishi vipi. Ukiamini naye yupo, umepata kila kitu. Ukiamini naye hayupo, ulichopoteza ni kidogo. Basi bora uamini.

Na msidhani hoja hii ni ya Wazungu peke yao. Imam Ghazali alikuwa na inayofanana nayo zaidi ya miaka 500 kabla ya Pascal. Mfano wake ni kama huu: umekaa kula, mtu anakuja anakwambia nyoka ametema sumu kwenye sahani yako. Hujui kama ni kweli au anakutania. Utaacha kula, manake njaa ya leo ni nyepesi kuliko kifo.

Hoja hii ina kazi yake. Humzindua mtu aliyelala, anayeishi kana kwamba hakuna kesho. Lakini hebu tuwe wakweli: haituambii kama nyoka alikuwepo. Inatuambia tu kwamba ni busara kujihadhari. Na mtu wa dini nyengine anaweza kuitumia vile vile kukuita kwake. Yule kijana hakuuliza faida iko wapi. Aliuliza ukweli uko wapi.

Sasa ipo hoja ya pili, na hii nyote mmeipokea kwenye simu. Inasema uwezekano wa dunia kutokea yenyewe ni moja kwa nambari yenye masifuri yasiyohesabika, kwa hivyo Mungu yupo. Tunaituma mbio mbio, tunaandika "mashallah" chini yake.

Chukua karata 52 uzichanganye vizuri. (Sisemi mkacheze, nasema mfano!) Uzipange chini moja moja. Mpangilio ulioupata ni mmoja kati ya mipangilio ambayo idadi yake ni kama 8 ikifuatwa na sifuri 67. Ni uwezekano mdogo kuliko unavyoweza kufikiria, na bado umetokea mbele ya macho yako, bila muujiza wowote. Kwa hivyo nambari kuwa ndogo, peke yake, haithibitishi kitu.

Lakini tuseme zimetoka kopa zote kwa mpangilio, kisha shupaza zote, hadi mwisho. Hapo utamtazama aliyechanganya! Kwa nini, na uwezekano wa mpangilio huu ni mdogo sawa na ule wa kwanza? Kwa sababu sasa una maelezo mawili ya kulinganisha: bahati tupu, au mtu kazipanga. Na hili la pili linaeleza unachokiona vizuri zaidi.

Kulinganisha huko ndiko kunakofanywa na kanuni ya Thomas Bayes, mchungaji wa Uingereza aliyefariki 1761. Kazi yake ilichapishwa 1763, yeye akiwa kaburini. Kanuni yenyewe mnaitumia kila siku. Umeamka asubuhi, umekuta ua umelowa. Ni mvua, au jirani kamwaga maji? Unaanza na unachokijua: huu ni msimu wa mvua au wa kiangazi? Kisha unatafuta ushahidi. Ukiona mabati ya mtaa mzima yamelowa, unaegemea mvua, kwa sababu jirani hawezi kumwagia mtaa mzima.

Je, tuipeleke kanuni hii kwa Mungu? Wapo waliojaribu. Mwaka 2003 mwanafizikia Stephen Unwin alitoa kitabu. Alianza na nusu kwa nusu, akapima mambo kama wema, ubaya na miujiza, akafika asilimia 67. Akaja Michael Shermer, mwandishi asiyeamini, akatumia fomula ile ile kwa makadirio yake mwenyewe, akapata asilimia 2.

Mumeona? Fomula ni moja, majibu ni 67 na 2. Hesabu haikukosea popote. Kila mmoja aliitia nambari alizozikadiria mwenyewe, na ikamrudishia alichoitia. Ya mvua tunaweza kuhesabu, maana mvua imenyesha mara nyingi na tumeona. Ulimwengu tunao mmoja tu. Hatujawahi kuona mia moja tukahesabu mingapi ina Muumba na mingapi haina.

Kwa hivyo ndugu yangu wa uhasibu, jibu langu ni hili: asilimia sina, na anayekupa asilimia anakupa makadirio yake. Ila usifanye haraka kusema akili basi haina kazi. Ibn Sina, aliyefariki 1037, alienda kwa njia nyengine. Alisema kila tunachokiona kingeweza kutokuwepo: mimi, wewe, bahari, nyota. Kitu kama hicho hakiwezi kujieleza chenyewe, uwepo wake umeazimwa. Na vyote vikiwa vya kuazima, mwenye mali yuko wapi? Lazima awepo ambaye uwepo wake haukuazimwa popote. Hii si bahati nasibu, ni hatua kwa hatua, na kila hatua una haki ya kuigonga uone kama ni imara. Mimi naiona imara. Wapo wanafalsafa wanaoipinga, na ukisoma, wasome na wao pia.

Bayes naye katuachia funzo: mizani ina sahani mbili. Ukiweka mpangilio wa mbingu upande mmoja, usifiche mtoto anayeumwa bila kosa upande wa pili. Anayeuliza kwa nini mtoto huyo anateseka si adui wa dini. Huenda ametoka kumzika.

Na shaka si jambo geni kwetu. Ghazali anasimulia katika al-Munqidh min al-Dalal kwamba alipitia karibu miezi miwili akishuku hata macho yake na akili yake. Anasema hakutoka humo kwa kupanga dalili, bali kwa nuru aliyotiwa kifuani na Mwenyezi Mungu. Nabii Ibrahim, alayhi salaam, aliomba aonyeshwe wafu wanavyofufuliwa ili moyo wake utulie. Alionyeshwa. Hakuambiwa aketi.

Sasa sisi, tunaokwenda kila ofisi kudai tusikizwe, tunamnyamazisha nani ndani ya msikiti wetu? Nawaomba mambo matatu. Mtu akiuliza, mwache amalize. Kama jibu huna, sema sijui, mtafute mwenye elimu. Na usisambaze hoja dhaifu kwa sababu tu inasifu dini. Siku itakapovunjika mikononi mwa kijana, atadhani ni dini iliyovunjika.

Kwako wewe uliyeondoka: nisamehe kwa kunyamaza siku ile. Swali lako lilikuwa swali. Njoo uligonge jibu langu. Tuko pale pale, Jumamosi baada ya Asr, na safari hii nitakaa karibu nawe.

Allah atufungulie vifua vyetu na atuongoze kwenye haki. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.