MATEGE YA WATOTO: Maneno ya Kamati ya Afya Mkutanoni



Mtoto akipinda miguu, wengi wetu tunamsema mama yake: kamsimamisha mapema. Tunamwonea bure. Kule Jos, Nijeria, jua ni tele kama hapa, lakini watoto walikuwa wakipata matege. Chakula chao nafaka, maziwa haba. Madaktari wakawatibu watoto 123, wakatoa matokeo mwaka 1999: waliopewa madini ya kalsiamu walipona wengi zaidi kuliko waliopewa vitamini D, ile ya jua, peke yake. Baadaye wakajaribu samaki waliosagwa na mifupa yao. Wengi wakapata nafuu.

Na sisi je? Vichwa vya dagaa tunawamwagia kuku! Tuwasage wazima, tutie kwenye uji. Mwenye mtoto wa matege asimfiche ndani, ampeleke zahanati apimwe, maana sababu ziko nyingine pia.