Gasketi ya Ekzosi: Pima Chuma Kabla ya Kununua

Mada kwa mafundi wa magari, Kanja, Kaunti ya Embu



Tukizungumzia gasketi inayokaa kati ya hedi na manifoldi ya ekzosi, kwa kawaida tunabishana kuhusu bei, na kama spea ni ya Japani au ya kwingine. Mimi nina hoja moja, nayo inahusu utaratibu wa kazi. Gasketi ichaguliwe manifoldi ikiwa imeshashuka na chuma kimeshapimwa. Tumezoea kumtuma kijana dukani gari likiwa halijafunguliwa. Akirudi, tunafunga alichopata, nyuso za chuma ziwe sawa zisiwe sawa, na haupiti muda mrefu kabla ya ule mlio wa tik-tik kurudi kila asubuhi injini ikiwashwa.

Tazameni gasketi hiyo inavumilia nini. Injini ya petroli ikibeba mzigo mlimani, moshi unaotoka kwenye silinda hupita nyuzi 800 za sentigredi. Manifoldi ya kasti yenye urefu wa milimita 400, joto lake likipanda kwa nyuzi 500, hurefuka kwa milimita 2 hivi. Hedi ya aluminiamu inapozwa na maji, kwa hiyo hubaki karibu na nyuzi 100, na urefu huo huo hauongezeki hata milimita 1. Maana yake ni kwamba kila safari manifoldi inateleza juu ya hedi, kwenda na kurudi, na gasketi iko katikati ikisuguliwa. Hedas, yaani manifoldi za mabomba, za chuma kisichoshika kutu hutanuka zaidi, karibu milimita 3 na nusu kwa kipimo hicho hicho. Ndiyo sababu manifoldi nyingi huwa na matundu ya pembeni mapana kuliko ya katikati. Msiyajaze kwa bushi ili boliti ikae vizuri. Upana huo umewekwa makusudi.

Huku kwetu joto hilo hupanda na kushuka kwa ukali. Lori la majani chai huanza kazi kwenye baridi ya Mlima Kenya, likapanda na kushuka miteremko na mzigo wake hadi kiwandani Rukuriri au Mungania. Matatu ya Embu kwenda Meru hushuka bonde la Nithi kisha ikapanda ng'ambo imejaa abiria.

Sasa kipimo. Safisha hedi kwa kikwaruzo laini au brashi ya shaba. Diski ya grainda inachimba aluminiamu. Laza rula ya chuma iliyonyooka juu ya milango yote ya moshi, kisha pitisha fila geji chini yake, kwa urefu na kwa mshazari. Fanya vivyo hivyo kwenye manifoldi, maana hiyo ndiyo hupinda zaidi. Kitabu cha injini ndicho chenye kipimo halali. Nikikosa kitabu, mimi hujiwekea mpaka wa milimita 0.2: fila hiyo ikipita bila kukwama, sifungi gasketi nyembamba ya chuma. Manifoldi inapelekwa kuskimiwa kwanza, yaani kusawazishwa kwa mashine.

Nyuso zikiwa sawa, hakuna inayoishinda gasketi ya matabaka ya chuma, aina inayotoka kiwandani na injini nyingi za Toyota za petroli. Ina mgongo ulioinuka kuzunguka kila tundu, nao husukuma kama springi chuma kinapotanuka na kusinyaa. Mgongo huo ukishalala haurudi, kwa hiyo ya zamani haifungwi tena hata ikionekana safi.

Nyuso zikiwa na vishimo vya kutu, au gari ni la zamani na kuskimu hakuwezekani, chukua ya grafaiti yenye bati ndani yake. Ni laini na hujaza mabonde. Udhaifu wake ni kwamba grafaiti huanza kuliwa na hewa ikipita takriban nyuzi 450, kwa hiyo tafuta ile yenye pete ya chuma kuzunguka tundu la moshi. Shaba nyekundu inafaa hedas za kutengenezwa kwa mkono. Ipashe moto hadi iwe nyekundu, iache ipoe, nayo italainika tena. Lakini haina springi, lazima ikazwe upya.

Silikoni nyekundu ya kopo si mbadala wa gasketi: huvumilia takriban nyuzi 340 tu, na mvuke wake unaweza kuharibu sensa ya oksijeni. Karatasi ya asibesto iliyosalia kwenye makabati ya zamani msiikate wala kuipuliza kwa kompresa. Vumbi lake huketi mapafuni na kuleta saratani miaka mingi baadaye, na anayelivuta kwanza ni kijana aliyeinama juu ya injini.

Kabla ya kufunga, laza gasketi juu ya hedi na juu ya manifoldi. Tundu lake lisiwe dogo kuliko mlango wa moshi, kwani ukingo unaochungulia ndani huungua. Staadi zilizovutika zibadilishwe. Anza kukaza katikati ukielekea nje, kwa awamu tatu, kwa spana ya toki, ukifuata kipimo cha kitabu. Ya grafaiti na ya shaba zikazwe tena baada ya safari ya kwanza, injini ikiwa baridi. Na mwambieni mwenye gari asiruhusu manifoldi ya moto imwagiwe maji pale kwa waosha magari, kwa sababu kasti hupasuka.

Hiace naitaja peke yake. Injini yake kwa kawaida iko chini ya viti vya mbele. Moshi ukivuja hapo unapanda moja kwa moja kwa dereva na abiria, na kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Dereva anayelalamika kichwa kinamuuma jioni anaweza kuwa anatupa habari za gasketi. Gari hilo lisirudi barabarani kabla ya kujaribiwa: injini iwashwe ikiwa baridi, mmoja azibe bomba la nyuma kidogo kwa kitambaa kinene, mwingine apake maji ya sabuni kwenye maungio na kutafuta mapovu.

Spana ya toki na rula iliyonyooka kwa kweli ni ghali kwa gereji moja. Napendekeza gereji za hapa Kanja zichange tununue seti moja ya kuazimana, na leo tukubaliane itawekwa kwa nani.