Mali Iliyokamatwa Njiani na Muda wa Kuidai

Wasikilizaji, Hulugho, katika Kaunti ya Garissa, iko karibu na mpaka wa Somalia, na kwa miaka mingi sukari ya magendo itokayo bandari ya Kismayu imepitishwa pande zile. Kwa hiyo hata mwenye duka aliyenunua sukari yake Garissa kwa halali aweza kusimamishwa njiani. Hapo afisa wa forodha halazimiki kuthibitisha kwamba ushuru haukulipwa. Ni juu ya mwenye mali kuthibitisha kwamba ulilipwa. Asiye na risiti atathibitisha kwa nini? Magunia hayasemi.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004, yaagiza kwamba mwenye mali ambaye hakuwapo mali ilipokamatwa apewe taarifa ya maandishi, pamoja na sababu, katika mwezi 1. Tangu hapo ana mwezi 1 wa kumpelekea Kamishna madai yake, nayo yawe ya maandishi. Aliyekuwapo huhesabiwa tangu siku ile ile ya kukamatwa. Mtu akipoteza siku hizo kwa kumwendea mzee huyu na yule wamwombee, mwezi waisha, na mali yatwaliwa na Serikali bila kesi yo yote. Hata lori lililoichukua laweza kutwaliwa.

Madai yakifika kwa wakati, Kamishna ana miezi 2: ama afungue kesi mwenyewe, ama amtake mdai aifungue katika miezi 2. Asipofanya lo lote katika hayo, mali hurudishwa kwa mdai.