Boksi Jepesi, Ankara Nzito

Leo nazungumza na wewe unayeagiza mzigo kwa ndege kutoka Dubai au Guangzhou.

Umeagiza mito. Boksi lina urefu wa sentimita 60, upana 50, kimo 40. Mzani unasoma kilo 7, lakini ankara inasema kilo 20. Hujaibiwa. Ndege ina mipaka miwili: uzito inaoweza kuinua na nafasi iliyomo tumboni mwake. Msafirishaji hupima vyote viwili, kisha hutoza kilicho kikubwa.

Chukua kalamu. Zidisha 60 kwa 50 kwa 40: unapata 120,000. Gawa kwa 6,000, kigawanyo cha kawaida cha mizigo ya ndege. Jibu ni 20, na hizo ndizo kilo unazolipia. Kampuni nyingi za vifurushi vya haraka hugawa kwa 5,000, na boksi lilelile linakuwa kilo 24! Kwa hiyo, kabla hujalinganisha bei ya kilo, uliza kigawanyo. Wengi hawaulizi, na hapo ndipo faida yao inapopotelea.

Mwombe muuzaji aifinye mito kwenye mifuko ya kuondoa hewa. Kimo kikishuka hadi 20, zile kilo 20 zinakuwa 10.

Kwa meli, mita moja ya ujazo kwa kawaida huhesabiwa sawa na tani moja. Mito italipiwa kwa ujazo, nondo kwa uzito.

Na vipimo vichukuliwe boksi likishafungwa, pale lilipotuna zaidi.